Gemu, Pweza na Baruti

Wasikilizaji mlio Mtwara Mjini, Mikindani, Madimba, Msimbati, na ninyi wa ng'ambo ya maji kule Msanga Mkuu, leo nina jambo ambalo wengine mtaliona la kitoto: gemu. Zile za kwenye simu, na zile za vibandani, televisheni moja, benchi moja, vijana kumi na kitu, na pedi mbili ambazo mpira wake wa kidole gumba umelika mpaka imebaki plastiki tupu. Anayefungwa anampisha mwenzake. Anayefunga anabaki kitini mpaka sarafu zimwishie, au mama yake atokee mlangoni.

Mzazi mmoja ametuma ujumbe, na ujumbe wenyewe una hasira. Anauliza: hizi gemu zina kazi gani zaidi ya kula hela na macho ya watoto? Kuna tatizo lolote la dunia hii tunayoishi lililowahi kutatuliwa na mtu aliyekaa anabonyeza vitufe?

Hasira yake naielewa. Shirika la Afya Duniani nalo limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa hiyo mzee wetu hajazua. Lakini swali lake la pili lina jibu, na jibu ni ndiyo, limewahi kutatuliwa. Ninachobishana nacho mimi ni aina gani ya tatizo, na nani awe ameshika hizo pedi.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilitoa gemu iitwayo Foldit. Humo hakuna bunduki wala mpira. Mchezaji anapewa protini, mfano wa uzi uliojikunjakunja, aukunje vizuri zaidi apate pointi. Mwaka 2011 wachezaji, wengi wao si wanasayansi kabisa, waliwekewa kimeng'enya cha kirusi kinachowapa kima ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Wataalamu walikuwa wamelitafuta umbo lake kwa zaidi ya miaka kumi. Wachezaji walilipata ndani ya wiki tatu, na makala ya kisayansi ilipotoka, majina ya timu zao yaliandikwa pamoja na ya maprofesa.

Waliwezaje? Kompyuta ilikuwa inajaribu njia nyingi, lakini ikiona njia inaharibu hesabu kwa kawaida inarudi nyuma. Binadamu hana woga huo. Mzee wa bao pale Mikindani anakubali kuliwa kete chache sasa hivi kwa sababu ameshaona atakapokula nyingi, na hivyo ndivyo walivyofanya wale wachezaji: waliharibu kwanza ili watengeneze.

Nanyi mtaniambia hayo ni ya Marekani. Sawa, turudi Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa 2017, katika mkoa wa Tanga, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 hivi waligawiwa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na masomo hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa gemu: gusa herufi, burura picha, ukipatia unachezewa muziki, ukikosea unajaribu tena bila mtu kukukaripia. Yalikuwa mashindano ya kimataifa, Global Learning XPRIZE, serikali yetu ikishirikiana na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vijijini viliwekwa vituo vya umeme wa jua vya kuchajia. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kukanyaga darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Baada ya miezi 15 walipimwa tena. Idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10.

Wanaopenda teknolojia wanaishia kwenye ile nusu iliyosoma. Mimi naitazama na ile nyingine. Mtoto amekaa na kishikwambi mwaka na robo, chaji ipo, gemu ipo, na bado maandishi ni michoro tu kwake. Huyo alihitaji mtu. Alihitaji mwalimu wa kumwangalia usoni na kujua kwamba leo hajala, au kwamba haoni vizuri. Gemu ilimfikisha mtoto mmoja mahali pazuri na ikamwacha mwenzake palepale, tena bila yenyewe kujua kwamba imemwacha.

Sasa tuje baharini, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Sisi watu wa Mtwara tunaishi mlangoni pa utajiri ambao hatuuoni kwa sababu umefunikwa na maji. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000: kilomita za mraba zipatazo 650 za bahari, mikoko, visiwa na vijiji, mpaka unapofika Msumbiji. Watafiti wameandika zaidi ya aina 250 za matumbawe humo. Mwaka 1998, kabla hata hifadhi haijatangazwa, maji yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Mengine yamerudi, mengine ni mawe mpaka leo.

Na kuna gemu ya matumbawe. NASA, wale wa vyombo vya anga za juu, waliitoa Aprili 2020, inaitwa NeMO-Net. Mchezaji yumo ndani ya meli ya utafiti, analetewa picha za sakafu ya bahari zilizopigwa kwa droni na ndege, kwa kamera inayoweza kuona chini bila kusumbuliwa na mawimbi. Picha ni za Puerto Rico, Guam, Samoa ya Marekani na kwingineko. Kazi yake ni kupaka rangi: hili tumbawe la matawi, hili la mviringo, huu mchanga, haya majani. Kila anachopaka kinaifundisha kompyuta kuu kutambua matumbawe, ili baadaye ichore ramani ya miamba ya dunia yenyewe.

Mimi naipenda kazi hiyo. Fikiria mama wa Msimbati anayeshuka pwani wakati wa bamvua, maji yakitoka, kijiti chake mkononi, anakwenda kuchokoa pweza. Anaujua mwamba shimo kwa shimo. Anajua shimo lipi lina mwenyewe kwa kuangalia tu kome na maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni. Mpe mama huyo zile picha za NASA atawapita wachezaji wa California kabla chai haijachemka.

Lakini tatizo la Mnazi si la kukosa macho, na hapo ndipo ninapoachana na watu wa NASA.

Mwaka 2015 watafiti waliburuta vinasa sauti chini ya maji kwenye pwani nzima ya Tanzania. Walinasa milipuko 318 ya baruti za kuvulia samaki, mingi ikiwa jirani na Dar es Salaam. Kazi nzuri, imepimwa kitaalamu. Ila nani hapa alihitaji kinasa sauti? Baruti ikipigwa nje ya mwamba asubuhi, anayeosha vyombo nyumbani anaisikia. Mnunuzi ufukweni akimshika samaki wa baruti anamjua, mifupa imevunjika ndani na nyama imelegea, naye anamnunua hivyohivyo, ila kwa bei ya chini. Uvuvi huo umepigwa marufuku nchini tangu 1970. Sheria ipo, masikio yapo, mashahidi wapo. Kinachokosekana ni makubaliano. Kila mvuvi anajisemea moyoni kwamba samaki nitakayemwacha mimi leo, mwenzangu atamvua usiku. Ukimwonesha ramani ya rangi ya mwamba uliokufa atakuitikia, tena kwa masikitiko ya kweli, kisha kesho alfajiri hesabu yake ni ileile.

Katika mambo kama haya skrini imewahi kutusaidia, hapahapa kusini, na haikuwa gemu. Miaka ya 1990 kulikuwa na mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Watu wa makamo mnaukumbuka. Ndani ya mradi huo kamera za video ziliingia vijijini, na wavuvi wenyewe wakasema mbele ya kamera mambo yao, baruti ikiwa mojawapo. Kanda zikaoneshwa kijijini, watu wakajitazama wakiongea, wakabishana, wakarekebisha, kisha wakubwa nao wakaoneshwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 jeshi la wanamaji liliingia kazini na milipuko ikapungua sana. Miaka ya 2000 ikarudi, hilo nalo ni kweli na lazima lisemwe. Lakini kilichonigusa mimi katika ile kazi ya video ni kwamba mvuvi hakuwa mtazamaji. Yeye ndiye aliyeamua kamera ielekee wapi.

Nairobi wamefanya jambo la namna hiyo kwa gemu kabisa. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, lenye makao yake palepale Nairobi, liliungana mwaka 2012 na kampuni ya Mojang inayotengeneza Minecraft, ile gemu ya matofali ambayo watoto wenu wanaijua. Mpango wao unaitwa Block by Block. Wanalichukua eneo halisi, wanalijenga ndani ya gemu kwa vipimo vyake, halafu wanawaita wakazi: kaeni kwenye kompyuta, pangeni mnavyotaka. Mojawapo ya maeneo ya mwanzo lilikuwa viwanja vya michezo vya Kibera, kikiwemo cha Silanga.

Unaona ujanja wake? Mpe mama muuza mboga mchoro wa mhandisi, ule wa mistari na namba, ataushika kwa heshima na kuurudisha. Ataogopa kuonekana hajui. Lakini mweke mbele ya uwanja wake mwenyewe, hii hapa njia, huu hapa mtaro, taa iko wapi? Atasema taa iwe hapa, kwa sababu hapa ndipo binti yangu anapopita saa mbili usiku. Mhandisi hakuwa analijua hilo, wala asingeweza kulijua kwa kupima. Na hata kijana aliyezoea kufukuzwa kwenye mikutano ya wazee, hapo ndiye anayeitwa amfundishe mzee kubonyeza.

Mji wetu huu unajua gharama ya kukosa kikao kama hicho. Mwaka 2013 tuliona vurugu za bomba la gesi, tuliona moto, na watu walikufa. Sisemi gemu ingezuia. Nasema watu waliambiwa habari ya gesi iliyotoka kwao wakati maamuzi yamekwisha.

Basi gemu ya Mnazi ingekuwaje? Mfano upo. Dennis Meadows, mmoja wa walioandika kitabu maarufu cha 1972 kuhusu ukomo wa kukua kwa uchumi, alitunga mchezo uitwao Fish Banks. Wachezaji wanagawanywa katika makampuni ya uvuvi. Kila mwaka wa mchezo unaamua ununue meli ngapi na uzipeleke wapi. Samaki wapo wengi mwanzoni, kila mtu anatajirika. Hakuna anayejua wamebaki wangapi majini. Halafu mwaka mmoja nyavu zinarudi tupu, na watu wazima, wengine mameneja na wanafunzi wa vyuo vikuu vikubwa, wanatazamana.

Mchezo huo ulivyo haututoshi. Hatuna makampuni ya meli. Tungeuvunja na kuujenga upya, na wa kuujenga ni wavuvi. Wataingiza kusi, maana kusi likivuma mtumbwi hautoki, na njaa ya miezi ile haimo katika mchezo wa Meadows. Wataingiza msimu wa korosho, maana mvuvi wa Madimba ana mikorosho pia, na bei ya korosho ikiwa nzuri bahari inapumzika yenyewe. Wataingiza wavuvi wa dago, wanaokuja, wanapiga kambi, wanavua na kuondoka. Wataingiza boti ya doria ambayo siku nyingine haina mafuta. Na wataingiza suala la nyavu. Hifadhi ilipoanza kulikuwa na mpango wa kubadilishana nyavu: leta kokoro na nyavu za macho madogo, uchukue nyingine. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini wavu wa macho makubwa unataka maji ya kina, na maji ya kina yanataka chombo kikubwa kuliko mtumbwi wako. Mchezaji akibadilisha wavu halafu akose chombo, afanyeje? Hapo ndipo mchezo unapoanza kuwa na chumvi.

Sasa mtaniuliza, kwa nini tusiitishe semina tu?

Nimekaa kwenye semina hizo, nanyi mmekaa. Mwezeshaji anauliza, je, uvuvi haramu ni mzuri? Ukumbi mzima unaitika: mbayaaa. Bango linaandikwa, picha inapigwa, posho inasainiwa, soda inanywewa. Kila mtu amesema alichoitiwa kusema, hakuna aliyedanganya sana na hakuna aliyesema kitu. Kwenye gemu huwezi kuitika hivyo. Zamu yako imefika, ada ya mtoto inadaiwa, umebakiwa na hela mbili za mchezo, jirani yako juzi alikwenda usiku na akarudi na mzigo. Unafanya nini? Utafanya ambacho ungefanya kweli, kwa sababu ni mchezo tu, na watu wanacheka. Mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa anahubiri asubuhi, saa tisa alasiri ameshapiga baruti mara mbili na anasingizia upepo.

Kicheko hicho kina habari ndani yake kuliko dodoso la kurasa thelathini. Ndiyo maana pia kina hatari. Kama mwenye kushika kompyuta ni mtu wa doria, na gemu inaandika nani alivunja sheria raundi ya ngapi, basi mmetega mtego mkauita mchezo. Watu wataujua siku ya kwanza, na siku ya pili watacheza kama malaika. Takwimu zibaki kijijini, kwenye kamati ya wavuvi wenyewe, na atakayetaka kuziona aombe. Hili silegezi.

Wala sitaki ianzie kwenye simu. Najua vijana watasema nimezeeka. Lakini nani katika wale akina mama wa pweza ana simu ya kucheza gemu, na bando la kuichezea? Wengi wana viswaswadu. Ianze mezani, kwa kete na ubao, wazee na wanawake wakiwa ndani, mpaka sheria zake zikae sawa. Zikishakaa sawa ndipo muwape vijana wetu wa vyuoni waziandikie programu, na wale mabingwa wa vibandani waijaribu. Tena hao wataisumbua vizuri. Kijana anayejua kila upenyo wa gemu ya mpira ataupata upenyo wa sheria ya uvuvi kwa dakika kumi, upenyo ambao mwanasheria hakuuona.

Mahali pa kuanzia ningechagua pweza, na sababu ni ya kibiashara kuliko ya kimazingira. Pweza anakua upesi mno, na maisha yake yote hayazidi sana mwaka mmoja. Ukiufunga mwamba miezi mitatu, unaona tofauti kwenye mizani. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga miamba yao mwaka 2004, na kwetu Pemba, Kisiwa Panza, wamefanya hivyo pia. Samaki wa mwamba wanakutaka usubiri miaka, na hakuna tumbo linalosubiri miaka. Miezi mitatu watu wanaweza kuibishania.

Lakini mwamba wa kweli ukiufunga vibaya umewalaza watu njaa. Nani wamekubali kufunga, wanaume wenye mitumbwi au wanawake wanaotembea kwa miguu? Mwanamume pweza wakifungwa anahamia kwenye samaki. Mama yeye hana mtumbwi wa kuhamia. Na siku ya kufungua, nani anaingia kwanza, wenyeji waliosubiri au wale wa dago waliosikia habari sokoni? Haya yote yatokee mezani kwanza.

Naona kabisa raundi ya kwanza itakavyokwenda. Watafunga mwamba kwa kauli moja, wataweka kete za ulinzi, na kabla ya mwezi wa pili wa mchezo mmoja atakwenda usiku. Wa pili ataona, atakwenda. Mpaka siku ya kufungua pweza wameshakwisha. Msimamizi asiseme neno. Asitoe mafunzo, asichore mshale ubaoni. Awaache wale akina mama wageuke wenyewe, wawaangalie wanaume walioketi upande wa pili wa meza, na waulize nani alianza.